Mimba, sheria na kliniki: maswali tunayoulizwa kila wiki Kisumu

Mimi ni mkunga. Kila Jumatano, tukishamaliza kupima presha na kusikiliza mapigo ya watoto tumboni, hukaa kwenye benchi nje ya kliniki yetu hapa Manyatta nikajibu maswali. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, na mengi huanza na “kuna rafiki yangu.” Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa. Mambo ya sheria nimeyapitia na wakili anayetusaidia bila malipo, lakini ukishafikishwa kituoni, mtafute wakili wako mwenyewe. Benchi halitakutetea kortini.

Sista, kutoa mimba Kenya ni halali au si halali?

Imekatazwa, ila katazo lenyewe lina milango. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kifungu hichohicho, juu kidogo, kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Yote mawili yamo humo, na anayekusomea moja tu anakusomea nusu.

Angalia neno “afya” lilivyokaa kando ya neno “maisha.” Makanisa mengi yalipinga rasimu ya Katiba kabla ya kura ya maoni ya 2010, na neno hilo lilikuwa moja ya sababu. Walielewa vizuri uzito wake. Sheria ya Afya ya 2017 inaieleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, si kukosa ugonjwa tu.

Upande wa pili kuna Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika 1930 tukiwa koloni. Kifungu cha 158 kinampa anayetoa mimba ya mwingine kinyume cha sheria hadi miaka 14 gerezani. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Cha 160 ni cha anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumiwa hivyo: hadi miaka 3. Vifungu hivi havijafutwa. Lakini Katiba iko juu yavyo, na kifungu cha 240 cha Kanuni hiyohiyo kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na ujuzi ili kuokoa maisha ya mama.

Kwa hiyo anayekwambia Kenya imehalalisha amekudanganya, na anayekwambia ni marufuku kabisa amekudanganya vilevile.

Huyo “mtaalamu wa afya” ni daktari pekee?

Hapana. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja daktari, muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi awe amesomea kushughulikia matatizo ya ujauzito na awe na leseni inayotumika. Mwenye duka la dawa hayumo. Mama wa mitishamba, nyamrerwa wetu, hayumo. Yule “daktari” wa chumba cha nyuma kule Kondele, ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, hayumo.

Dada yangu anatokwa na damu. Tunaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu alikunywa kitu. Tungoje?

Msingoje. Acha kusoma, tafuta gari au boda, uje umalizie baadaye.

Kwa wengine waliobaki, nitaeleza kwa nini nasema kwa ukali. Usiku mmoja boda ilisimama langoni kwetu saa mbili. Msichana alikuwa amekaa kiupande, mama mkwe nyuma yake akimshikilia asianguke. Chini yake walikuwa wametandika leso mbili zilizokunjwa, na ile ya pili ilikuwa imeanza kudondosha. Mama mkwe akasema, “Ni malaria tu, sista, ana baridi.” Niliushika mkono wa yule binti nikaugeuza: kiganja kilikuwa kimepauka kama unga wa sembe. Presha ilisoma 70 kwa 40. Aliyejua ukweli ni mdogo wake wa darasa la saba, aliyenivuta aproni na kuniambia kwa kunong’ona kwamba dada amekuwa hivyo siku tatu. Walikaa siku tatu nyumbani kwa sababu jirani alisema ukifika hospitali unaandikwa jina na polisi wanaitwa.

Tulimwekea maji ya mshipa mikono yote miwili tukampeleka Russia, ndiyo hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, jina ambalo wazee hawajaliacha. Aliongezwa damu, akasafishwa mfuko wa uzazi, akapewa antibiotiki. Siku ya sita alitembea kwa miguu yake kwenda stejini. Polisi hakuja. Kama kuna kilichokaribia kumuua zaidi ya vile alivyokunywa, ni yale maneno ya jirani.

Sheria iko upande wa matibabu hapa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inaongeza faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayoweza kumtibu mtu wa dharura ikakataa. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika ni halali kila mahali nchini, iwe ilitoka yenyewe au ilitolewa.

Dalili za kuondoka nyumbani mara moja: damu inayolowesha pedi au leso kila saa, homa au kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo kuwa gumu na kuuma ukiligusa, kizunguzungu hadi kuanguka, maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini.

Na tukifika, tuseme ukweli?

Semeni. Hatuulizi ili tuhukumu. Aliyemeza vidonge na aliyeingiziwa kijiti hawatibiwi sawa, na yule wa kijiti huenda ametobolewa utumbo. Taarifa za mgonjwa ni siri kwa kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya. Muuguzi anayezipeleka sokoni ndiye anayevunja sheria.

Lakini watu wameshikwa. Si unatudanganya?

Wameshikwa, ndiyo, sitaficha. Mwaka 2019 kule Kilifi, polisi waliingia kwenye kliniki wakamkamata msichana aliyekuwa akitibiwa baada ya mimba kuharibika, pamoja na afisa wa kliniki aliyemtibu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema kuwakamata vile kulikuwa makosa na ikaisimamisha kesi dhidi yao. Uamuzi ule ulikatiwa rufaa, kwa hiyo usiuchukue kama neno la mwisho.

Ila pima mambo mawili haya kwenye mizani moja. Kukamatwa kwa anayetibiwa hutokea mara chache, na likitokea kuna wakili na kuna korti. Damu inayomwagika siku tatu haina rufaa.

Mimba yangu ilitoka yenyewe miezi mitatu. Mama mkwe anasema nilifanya kitu, au ni chira, laana ya kuvunja mwiko.

Pole sana, mama. Mimba nyingi hutoka katika miezi mitatu ya kwanza bila mtu kufanya lolote, mara nyingi kwa sababu kijusi hakikujipanga sawasawa tangu mwanzo. Hukubeba mtungi mzito ukaiangusha. Huku ziwani malaria nayo huchangia, na presha, na kisukari, na kaswende isiyotibiwa. Hivyo vyote vina vipimo, na chira haina.

Ikitokea mara ya pili au ya tatu, njoo na mumeo mpimwe wote. Na kama kundi lako la damu ni hasi, mfano O hasi, sema mapema: kuna sindano unayopaswa kuchomwa ndani ya saa 72 baada ya mimba kutoka au kujifungua mtoto wa kundi chanya, ili mwili wako usimshambulie mtoto atakayefuata.

Mtoto wetu amenajisiwa. Tuanzie polisi au hospitali?

Hospitali kwanza. Kituo cha polisi kitakuwepo hata jioni, lakini dawa zina saa zake. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri mnavyowahi ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi vizuri ndani ya saa hizohizo, na vingine hadi siku 5. Msimwogeshe, msifue nguo. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa, si nailoni, kwa sababu nailoni huozesha ushahidi.

Hospitalini anajaziwa fomu ya waathiriwa wa ubakaji, halafu fomu ya P3 ya polisi. Matibabu haya katika hospitali za serikali ni ya bure. Kuna laini za simu za bure: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa watoto. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono, hata akisema alikubali.

Kuna jambo linalonichoma kila mwaka, acha nilitoe. Baba wa msichana na baba wa mvulana hukaa chini ya mti na chifu wa aina fulani, ng’ombe wawili wanatajwa, na kesi “inaisha.” Haijaisha. Kunajisi ni jinai. Wazee hawana mamlaka ya kuisamehe, na anayepokea ng’ombe anaficha kosa.

Mimba ikishika baada ya kubakwa, inaweza kutolewa kisheria?

Hili lilijibiwa na Mahakama Kuu Nairobi mwezi Juni 2019, na kesi yenyewe ilianzia kwa majirani zetu Kisii. Msichana wa shule, aliyeitwa JMM kortini ili jina lake lilindwe, alibakwa akapata mimba, akapelekwa kwa mtu asiyehitimu mnamo 2014. Alipoanza kuumwa vibaya alizungushwa hospitali moja hadi nyingine, akaishia Nairobi figo zimeharibika. Alifariki Juni 2018, kesi ikiwa bado inaendelea.

Majaji 5 walisema mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, mimba iliyotokana na ubakaji au unajisi inaweza kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Ubakaji peke yake haujaandikwa kwenye Katiba kama sababu inayojitosheleza. Njia inapita kwenye afya. Pili, Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa mwongozo wa 2012 wa kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama, na ilipokataza kuwafunza wahudumu mwaka 2014. Mama yake JMM aliamriwa kulipwa shilingi milioni 3.

Niliwahi kuulizwa kama pesa hizo ni nyingi au kidogo. Sikujua la kujibu.

Ni magonjwa gani yanaweza kumfanya daktari aseme mimba hii haiwezi kuendelea?

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, hasa kwenye mrija: huyo mtoto hawezi kukua, na mrija ukipasuka mama anavujia damu ndani huku nje huoni kitu. Mimba zabibu, ambapo vishada kama zabibu hukua tumboni badala ya mtoto. Kifafa cha mimba kilichokuja mapema na kushindikana. Maji kupasuka mapema sana na maambukizi kuingia. Moyo uliochoka, saratani inayohitaji dawa kali. Sheria ya Afya inazitaja zile mbili za kwanza kwa majina, na inaongeza ugonjwa wowote unaozidishwa na ujauzito hadi kutishia maisha au afya ya mama. Huyu mtaalamu hatafuti ruhusa ya korti, ya mume wala ya mchungaji. Anaandika sababu zake kwenye faili na kutia sahihi.

Nimeona vidonge vinauzwa kwenye simu, mtu anasema ni salama.

Muuzaji huyo hajui una wiki ngapi, hajui kama mimba iko kwenye mrija, na usiku damu isipokoma simu yake itakuwa imezimwa. Vingine ni vya bandia, vingine ni vya maumivu ya tumbo tu. Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Bonde la Ufa, Nyanza na Magharibi ndizo zilizokuwa juu kabisa. Ni sisi hao, kuanzia Nakuru hadi Busia. Unayefikiria kununua, njoo tuongee kwanza. Mazungumzo si kosa la jinai.

Muuguzi anaweza kukataa kwa sababu ya imani yake?

Katiba inamlinda kwa imani yake, na simlaumu. Ila kwenye dharura hawezi kukunja mikono. Na pale pasipo na dharura, ungwana ni kukuelekeza kwa mwenzake bila kukuhubiria ukiwa kitandani.

Tulitukanwa na kupigwa wodini wakati wa kujifungua. Tutashtaki wapi?

Mnaweza, na kuna aliyeshinda. Agosti 2013 mama mmoja alijifungua kwenye sakafu ya hospitali ya umma Bungoma, kisha wauguzi wakamchapa makofi na kumfokea. Mtu akarekodi kwa simu na nchi nzima ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua haki zake zilivunjwa, utu wake ukiwemo, na akaamriwa kulipwa shilingi milioni 2.5. Wauguzi wengi waliikasirikia hukumu ile. Mimi nilifurahi, ingawa najua pia ilivyo mkiwa wawili zamu ya usiku na akina mama kumi na moja wanasukuma.

Anza kwa kuandika tarehe, saa na wodi siku hiyohiyo, kabla hujasahau. Peleka kwa msimamizi wa hospitali upate muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, kuna Baraza la Wauguzi, na kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya.

Linda Mama bado ipo?

Haipo kwa sura ile ya zamani. Kujifungua bila malipo kulianza Juni 2013, likaja Linda Mama chini ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, mpango ukiitwa Linda Jamii. Tofauti inayowauma watu ni kwamba sasa lazima uwe umesajiliwa na mchango umelipwa. Usisubiri uchungu uanze ndipo uanze kubonyeza simu, kwa sababu nimeona mume akihangaika na nambari ya siri huku mtoto kichwa kinaonekana. Sajili mkiwa miezi minne.

Wakakamega mtakumbuka mpango wa kaunti, watu wakiuita Oparanya Care, ambapo mama alikuwa akipewa shilingi 2,000 mara sita akihudhuria kliniki, akizalia hospitali na kumleta mtoto chanjo. Maneno mengi yamesemwa kuuhusu. Nauli ya boda ikishalipwa, akina mama huja.

Kliniki nianze lini? Mama yangu alizaa saba bila kliniki.

Anza ukikosa hedhi ya pili. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mikutano 8 na mhudumu. Hata mama yako aliyezaa saba, muulize taratibu kama ni saba wote walioishi.

Huku kwetu ziwani kuna sababu ya ziada, nayo ni malaria. Kuanzia wiki ya 13 tunakupa vidonge vitatu vya SP, unavimeza hapohapo mbele yetu na kikombe cha maji, halafu tena baada ya mwezi, mara tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama hana hata homa, lakini mtoto anazaliwa na kilo mbili. Kama unatumia Septrin kwa sababu ya virusi vya ukimwi, SP usimeze, tuambie. Na dawa za virusi usiziache: bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama, na dawa zikimezwa vizuri wanashuka chini ya 5. Chandarua chenye dawa ni bure. Ni cha kulalia, si cha kukaushia omena.

Kipimo ninachokitetea kuliko vyote ni presha. Kichwa kinachouma mbele na hakitulii, macho kuona nyotanyota, uso kuvimba asubuhi: hicho ni kifafa cha mimba kinapiga hodi. Usimeze Panadol ukalala.

Binti yangu wa kidato cha pili amejifungua. Shule wanasema amejitoa.

Hajajitoa. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu kurudi, shule ileile au nyingine akitaka. Mwalimu mkuu akisita, mwombe aandike kwa barua kwamba amemkataa. Wengi hukosa kalamu ghafla.

Nikija Jumatano nibebe nini?

Kitambulisho chako na cha mume kama mnaishi pamoja, kitabu cha kliniki hata kama kimelowa mvua, na dawa zote unazomeza, hata zile za mitishamba, ndani ya mfuko mmoja. Mkojo utautolea hapa. Saa mbili asubuhi foleni bado ni fupi. Kama swali lako ni la yule “rafiki,” kaa mwisho wa benchi upande wa ukuta, nitakuja nikimaliza na wengine.